Mashudu ya Soya Bwawani, Dagaa Sahanini

Kati ya wilaya za Mkoa wa Simiyu, ni Busega peke yake inayogusa maji ya Ziwa Victoria. Mkazi wa Bariadi anayetamani sato hana budi kusubiri aletwe kwa gari, au amfuge mwenyewe bwawani. Na anayefuga hukutana mapema na swali la protini: amlishe nini?

Jibu la mazoea ni dagaa waliosagwa, na hapo ndipo suala linapotuhusu sisi wa afya. Dagaa anayeliwa mzima, kwa kichwa na mifupa yake, humpa mtoto kalisi, chuma, zinki na vitamini A. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia katika chakula cha mifugo. Hivyo mama na mfugaji wanagombea gunia moja. Mashudu ya soya, yenye protini ya takriban asilimia 44 hadi 48, yanaweza kuupunguza ugomvi huo.

Hata hivyo, soya mbichi haimfai samaki. Ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Samaki hula, asikue. Moto huviharibu vizuizi hivyo, kwa hiyo soya ikaangwe au ichemshwe vizuri kabla ya kusagwa. Salamoni wanaofugwa Ulaya wakilishwa mashudu mengi hupata uvimbe wa utumbo wa nyuma. Sato ni mstahimilivu zaidi, lakini naye huhitaji nyongeza ya methionini na fosforasi, kwa kuwa ya kwanza ni haba katika soya na ya pili imefungwa ndani ya fitati.

Simiyu ni nchi ya pamba, na mashudu ya pamba ndiyo yaliyo karibu. Yana gosipoli. Ng'ombe mzima huihimili kwa sababu tumbo lake kubwa huidhoofisha sumu hiyo. Samaki hana tumbo la namna hiyo, na akizidishiwa hudumaa.

Mgonjwa akiuliza kama sato aliyelishwa soya ni salama, tumjibu bila kusita: ni salama, na protini yake ni ile ile. Kinachopungua ni mafuta ya omega-3, ambayo dagaa anayo kwa wingi zaidi. Cha kuogopwa ni mashudu yaliyolowa yakaota ukungu. Sumukuvu hushambulia ini la samaki kama linavyoshambuliwa la binadamu, na kuchemsha hakuiondoi. Gunia la namna hiyo lisipelekwe bwawani, wala kwa kuku.