Shamba Liilishe Nyumba, Karafuu Iwe Akiba

Kila mwanachama aijua tabia ya mkarafuu. Mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, na mwaka wa pili ukatupa pishi chache tu, hata ujira wa wachumaji ukawa taabu kuupata. Huo si uvivu wa mkulima. Ndivyo mti ulivyoumbwa: ukizaa kwa wingi huchoka, na wataka muda wa kujijenga kabla ya kutoa mazao mengi tena. Basi sisi tuishio kwa mti huu twapata fedha kwa vipindi, lakini matumbo yetu hayali kwa vipindi. Yataka chakula kila siku, iwe ni msimu wa karafuu au siyo.

Katika makala haya twapenda kueleza jinsi mwenye eka mbili au tatu, na fedha kidogo mkononi, awezavyo kulifanya shamba lake limlishe yeye na watu wake, ili karafuu zibaki kuwa akiba.

Kwa nini twalisema jambo hili

Twalisema kwa sababu ya deni. Miezi ya kabla ya mavuno ndiyo miezi migumu. Mchele, unga, mafuta na sukari huchukuliwa dukani kwa kuandikwa katika daftari. Daftari likijaa, mwenye mali hutaka dhamana, na dhamana tuliyo nayo ni karafuu zingali juu ya mti. Bei hapo huipanga yeye, si sisi. Mavuno yafikapo, fedha huwa zimekwisha kabla ya kuhesabiwa. Mtu aliyezila karafuu zake zingali mtini, siku ya kuchuma huchuma mali ya mwenziwe.

Jambo hili si geni visiwani kwetu. Katika miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba yalizidi hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria, mwaka 1934, ya kuzuia mashamba yasihamie ovyo mikononi mwa wadai. Na kabla ya hapo, tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Mambo yote mawili yatufunza neno moja: si vyema nyumba nzima kuning'inia kwenye tawi moja.

Anza na daftari lako mwenyewe

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kushika jembe, andika kwa mwezi mmoja kila kitu kiingiacho nyumbani kutoka dukani, pamoja na kiasi chake. Kisha vigawe mafungu mawili: vile shamba liwezavyo kuvitoa, na vile lisivyoweza. Chumvi, sukari, sabuni, dawa na madaftari ya watoto havioti shambani, na hatusemi mtu asivinunue. Lakini wengi wataona kuwa fungu kubwa la fedha huenda kwenye chakula, na katika chakula, mchele ndio mkubwa.

Na tuupigie hesabu. Nyumba ya watu sita ikila kilo mbili za mchele kwa siku, kwa mwaka ni kilo 730, yaani magunia 14 ya kilo 50 na zaidi. Ikiwa nusu ya chakula hicho itatoka shambani, nyumba itaokoa kilo 365, magunia saba na kilo 15 juu yake. Magunia saba ni deni zima la watu wengi.

Muhogo, na nafasi uitakayo

Kilo moja ya mchele, kwa nguvu iupayo mwili, ni sawa na kilo tatu hivi za muhogo mbichi pamoja na maganda yake. Basi badala ya kilo 365 za mchele twahitaji kilo 1,100 za muhogo. Tukikisia kwa tahadhari kwamba shina moja litatoa kilo moja na nusu tu, mashina 730 yatatosha. Yakipandwa mita moja kwa mita moja, yatachukua mita za mraba 730. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo nusu ya chakula cha nyumba yaweza kutoka katika kipande kisichofika hata humusi ya eka.

Wapi pa kukipata kipande hicho? Tazama mapengo ya shamba, pale mikarafuu ilipokufa, na kingoni mwa njia na mipaka. Muhogo wapenda jua, hivyo chini ya mikarafuu mikubwa hautafanya kazi. Wala usiupande karibu na mkarafuu mchanga, kwa kuwa mizizi ya mkarafuu ilalayo juu juu hukatwa na jembe siku ya kuchimba. Acha hatua tatu kati yao.

Usiupande wote siku moja. Muhogo ukishachimbuliwa hauweki zaidi ya siku mbili tatu, lakini ukiwa ardhini hungoja. Panda nusu wakati wa masika na nusu wakati wa vuli, uwe ukichimba kwa zamu kadiri ya haja.

Mbegu ichaguliwe kwa makini. Maradhi mawili hutuharibia muhogo wetu: batobato, ambayo hukunja majani na kuyatia mabaka, na michirizi ya kahawia, ambayo huozesha kiazi ndani huku mti waonekana mzima. Yote mawili husafiri ndani ya kipande cha mti unachopanda. Usichukue mbegu katika shina usilolichimba na kulipasua viazi vyake ukaviona safi. Ziko mbegu zilizotolewa hapa Zanzibar kwa ajili ya kuhimili maradhi haya, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama. Mwulizeni bwana shamba au bibi shamba wa eneo lenu. Na muhogo mchungu usiliwe kabla ya kumenywa, kulowekwa na kukaushwa vizuri, kwani una sumu.

Vyakula vingine visivyotaka fedha

Migomba tuipande palipo na maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ili maji yale yasipotee bure. Mgomba huzaa katika mwaka wake wa kwanza au punde baadaye, na chipukizi zake hupatikana kwa jirani bila malipo. Katika kila shina acha mama, mtoto na mjukuu, nyingine zote zing'olewe, la sivyo mikungu itakuwa midogo. Tena mgomba una faida ya pili: kivuli chake chafaa sana kwa miche ya mikarafuu katika miaka yake ya mwanzo.

Mabondeni palipo na unyevu yafaa majimbi, na kwa wenye bonde la mpunga, mpunga. Mshelisheli nao usidharauliwe. Hupandwa kwa chipukizi la mzizi, ukaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, kisha ukalisha watoto na wajukuu. Upandwe mbali na nyumba, maana huwa mti mkubwa.

Lakini muhogo na ndizi peke yake haviujengi mwili wa mtoto. Kila pengo la muhogo litiwe kunde au choroko katikati ya mistari. Majani ya kunde huliwa baada ya wiki chache, na kunde zenyewe baada ya miezi miwili hadi mitatu. Mbaazi zipandwe mipakani, nazo hukaa miaka miwili au zaidi. Mimea ya jamii hii ina vijidudu mizizini mwake ambavyo huchukua naitrojini kutoka hewani na kuitia katika ardhi. Kwa hiyo yalisha nyumba na yalisha shamba. Kisamvu, mchicha na matembele vitatosha kuwa mboga, na matuta mawili ya mchicha yaliyopandwa kwa kupishana wiki mbili hayaachi nyumba bila mboga.

Kuku, na chupa moja ya dawa

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, na hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chake. Hasara yake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni vifaranga kuchukuliwa na mwewe, kunguru na paka. Dawa yake ni tenga: wafunikwe pamoja na mama yao, wapewe maji na chakula, mpaka wapate nguvu za kukimbia.

Ya pili ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kikiingia kijijini chaweza kumaliza kuku wote kwa siku chache, na hakina tiba. Lakini chanjo ipo, tone moja jichoni kila miezi mitatu. Chupa moja yatosha kuku wengi, kuliko alio nao mtu mmoja, na ikishafunguliwa haiwekwi. Ndiyo sababu wengi hawachanji. Basi nyumba kumi na ziungane, zichange kununua chupa moja, na kuku wa mtaa mzima wachanjwe asubuhi moja. Kwa kuchangiana, gharama ya kila nyumba huwa ndogo.

Katika nyumba nyingi kuku na bustani ya mboga viko mikononi mwa kina mama. Twaomba fedha itokayo humo ibaki mikononi mwao. Mwenye kupata faida ya kazi yake huifanya kwa moyo.

Maji na samadi

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la bati la mita 6 kwa 8, likinyeshewa milimita 25, litatoa lita 1,200. Hata zikipotea mia mbili, lita elfu moja zimebaki, nazo ni ndoo hamsini za lita ishirini ambazo hakuna mtoto aliyezibeba kichwani. Anza na mfereji wa upande mmoja na pipa moja. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, na pipa lifunikwe kwa kitambaa ili mbu wasitage humo.

Samadi nayo isinunuliwe. Majani, maganda ya ndizi, majivu kidogo na kinyesi cha kuku au ng'ombe vipangwe tabaka kwa tabaka kivulini, virushiwe maji, vigeuzwe baada ya wiki tatu, kisha vigeuzwe tena. Baada ya miezi mitatu hivi mboji itakuwa tayari kwa migomba, mboga, na mashimo ya miche mipya ya mikarafuu.

Faida huonekana kwenye jamvi

Huenda mwanachama akauliza: haya yote ya muhogo na kuku yana nini na chama cha wakulima wa karafuu? Yana mengi. Karafuu mbichi kilo tatu hutoa kilo moja tu kavu, nazo zataka siku nne hadi sita za jua zuri juu ya jamvi au mkeka, zikigeuzwa mchana na kuingizwa ndani jioni. Zikirundikwa zingali mbichi huchacha na kupauka, na daraja lake hushuka. Kazi hii yataka subira, na mwenye njaa hana subira. Anayedaiwa huuza mbichi, au nusu kavu, au kwa mtu aliyekwisha mfunga bei. Mwenye muhogo ardhini na kunde ndani ya debe aweza kungoja jua, kutenga makonyo, na kuzipeleka karafuu zake kituoni zikiwa kavu na safi, kisha akarudi na fedha yake nzima.

Na fedha hiyo ndiyo ya kuezekea bati, kusomeshea mtoto, na kununulia miche ya kuziba mapengo. Tukumbuke kuwa mkarafuu unaopandwa leo hautazaa vyema kabla ya miaka sita hadi minane. Mwenye deni hapandi mti wa namna hiyo, kwani macho yake yako kwenye chakula cha jioni.

Hatumwambii mtu afanye yote kwa mwaka mmoja. Masika haya apande muhogo na kunde katika mapengo, na migomba mitatu penye maji ya kuogea. Baada ya hapo atengeneze tenga na rundo la mboji. Vuli apande sehemu ya pili ya muhogo, na atie mfereji kwenye paa. Kila mwisho wa mwezi atazame daftari lake aone dukani amepunguza nini. Akipunguza gunia moja tu kwa mwaka wa kwanza, amekwisha anza njia.

Twaomba pia kila ajaye katika mikutano yetu achukue mkononi kitu cha kumpa mwenziwe: vipande vya muhogo safi, chipukizi la mgomba, au konzi ya mbaazi. Mbegu ikigawiwa haipungui, na haba na haba hujaza kibaba.