Mashine ya kupasua kuni: Piga hesabu ya pampu kabla ya kununua injini

Kipupwe kikikaribia Nyanda za Juu Kusini, nyumba nyingi za Mafinga, Tukuyu na vijiji vya Mbeya huanza kurundika kuni. Magogo ya mikaratusi hupasuliwa kwa shoka, na mara nyingi kazi hiyo humwangukia mama au kijana aliyetoka shule. Ndipo familia nyingine humfuata fundi wa kuchomelea na kumuuliza kama anaweza kuwaundia mashine ya kupasua magogo.

Inawezekana. Kinachotakiwa ni chuma kizito cha kubeba gogo, kabari, silinda ya haidroliki, pampu, tangi la mafuta na injini. Pesa hupotea pale pampu na injini zinaponunuliwa bila kulinganishwa. Injini ndogo ikifungwa pampu kubwa, gogo likikaza tu injini inazima. Injini kubwa ikifungwa pampu ndogo, kabari inatambaa kama konokono huku mafuta yakiteketea. Na pesa hiyo pengine ilikuwa ada ya muhula ujao.

Hesabu ya kukumbuka

Presha ndiyo inayoleta nguvu ya kupasua. Wingi wa mafuta ndio unaoleta kasi. Chukua lita ambazo pampu inatoa kwa dakika, zidisha kwa presha ya bar, kisha gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati. Kwa kuwa pampu nayo hupoteza nguvu kidogo, gawanya tena kwa 0.85. Kilowati moja ni sawa na nguvu farasi 1.34.

Mfano: pampu ya lita 40 kwa dakika ikifanya kazi kwa bar 170 inadai kilowati 13, yaani nguvu farasi karibu 18. Injini ya petroli ya nguvu farasi 6.5, kama zile za kuvutia maji ya bustani, haiwezi. Pampu ya lita 10 kwa presha hiyo hiyo inadai nguvu farasi 4.5 tu.

Silinda yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 itasukuma kwa uzito wa tani 13 hivi kwa bar 170, iwe pampu ni kubwa au ndogo. Tofauti ni muda. Kusogea sentimita 60 kunahitaji lita 4.7 za mafuta: sekunde 7 kwa pampu ya lita 40, sekunde 28 kwa ile ya lita 10. Ndiyo maana mashine nyingi za kiwandani hutumia pampu ya hatua mbili. Kabari ikiwa haijabanwa, pampu hutoa mafuta mengi kwa presha ndogo. Gogo likikaza, hujibadili yenyewe na kutoa mafuta machache kwa presha kubwa.

Mwinuko nao unakula nguvu

Mji wa Iringa uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mita 1,700. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ile ya nguvu farasi 6.5 ikifika Mbeya hubaki na kama 5.4. Usinunue injini iliyotosha kwa kubana.

Angalia pia mizunguko. Pampu ya cc 16 ikizungushwa na dizeli ya mizunguko 2,200 kwa dakika hutoa lita 35. Ikifungwa kwenye petroli ya mizunguko 3,600 hutoa lita 58, na mzigo kwa injini unapanda kwa kiasi hicho hicho. Pampu iliyotolewa kwenye tipa au trekta chakavu ina upande wake wa kuzunguka pia.

Kwa hiyo fundi akisema, “Mama, usiwe na wasiwasi, hii itavuta tu,” mwambie akuandikie namba tatu: lita kwa dakika, bar, na mizunguko. Asipozijua, subiri kwanza.

Usalama wa watoto

Mashine isiwashwe bila valvu ya kupunguza presha, na mipira iwe ya kuhimili presha hiyo. Anayeweka gogo ndiye huyo huyo ashike mkono wa kuendeshea. Mikono ya watu wawili kwenye mashine moja ndiyo chanzo cha vidole kukatika. Watoto wakae mbali. Usitafute uvujaji kwa kidole. Tumia kipande cha boksi. Mafuta yenye presha hupenya ngozi na kuacha alama ndogo kama ya sindano, lakini ndani huharibu nyama. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumwi.

Mwisho, kwa anayepanga kuuza kuni: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Shule unayoitegemea leo kama mteja inaweza kuhamia kwenye gesi. Uliza kwanza nani atanunua, ndipo umwite fundi.