Mwanao akilalamika korodani inauma, usisubiri kesho

Mama, nyuma ya kila korodani kuna mrija mwembamba uliojikunja; ukinyooshwa hufikia mita 6 hivi. Mbegu za kiume hutoka kwenye korodani zikiwa bado changa. Humo mrijani hupita kwa siku kadhaa hadi wiki 2, zikikomaa na kupata uwezo wa kuogelea na kurutubisha yai.

Maambukizi, yakiwemo ya magonjwa ya zinaa, yanaweza kuziba mrija huo na mwanaume akakosa mtoto. Kwa mvulana, maumivu ya ghafla huenda ni korodani iliyojisokota. Zikipita saa 6 tangu yaanze, inaweza kufa. Usimkande wala usimpe dawa ya dukani ukasubiri. Kutoka Kibimba, muwahishe hospitali yenye upasuaji, hata usiku.

Wavulana huficha kwa aibu. Muulize kwa upole.