Viunganishi vya Jozi katika Kiingereza na Mahali pa Ukanusho

Katika sarufi ya Kiingereza kuna viunganishi viendavyo viwili viwili, cha kwanza kikimtayarisha msikilizaji kukipokea cha pili. Vilivyo mashuhuri ni jozi nne: “both … and”, “either … or”, “neither … nor”, na “not only … but also”. Wanafunzi wetu hujifunza jozi hizi mapema, na wengi huendelea kuzikosea hata wafikapo Chuo Kikuu. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo yatoka katika shina moja, nalo ni mahali pa ukanusho. Kiswahili huutia ukanusho katika kitenzi. Kiingereza, penye jozi za namna hii, huutia katika kiunganishi chenyewe.

Tuanze na “neither … nor”. Herufi n iliyo mwanzoni mwa maneno haya mawili ni baki la neno la kale la kukanusha, “ne”. Basi kiunganishi kimekwisha kukanusha, na kitenzi hubaki katika hali ya kuyakinisha: “I saw neither Ali nor Juma.” Katika Kiswahili twasema, “Sikumwona Ali wala Juma.” Neno “wala”, tulilolipata katika Kiarabu, nalo limebeba ukanusho ndani yake, walakini hapa lafuata kitenzi ambacho tayari kimekanushwa. Mwanafunzi auchukuaye mpango huu kama ulivyo huandika, “I did not see neither Ali nor Juma,” akakanusha mara mbili. Akitaka kukikanusha kitenzi, yampasa kutumia jozi isiyo na n: “I did not see either Ali or Juma.” Wala asidhaniwe kuwa amepungukiwa na akili. Kiingereza cha Chaucer, katika karne ya 14, kilirudia ukanusho katika sentensi moja bila kuhesabiwa kosa.

Jozi ya pili ni “both … and”, na hapa hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa sentensi yaweza kuonekana sahihi na maana ikapotea. Tuseme mfasiri wa hati ya mauzo amekutana na maneno haya: “Muuzaji na mnunuzi hawakutia sahihi.” Maana ni wazi: hakuna aliyetia sahihi. Akiandika, “Both the seller and the buyer did not sign,” msomaji mmoja ataelewa kwamba hakuna aliyetia, na mwingine ataelewa kwamba hawakutia wote wawili, yaani labda mmoja alitia. Katika hati, tofauti hiyo yatosha kuwafikisha watu mahakamani. Kiingereza safi chataka ukanusho uhamie katika kiunganishi: “Neither the seller nor the buyer signed.”

Jozi ya tatu ni “not only … but also”. Kanuni yake, ambayo H. W. Fowler aliitilia mkazo katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, ni ya mizani: kinachofuata kiunganishi cha kwanza kilingane kwa aina na kinachofuata cha pili. Jina kwa jina, kitenzi kwa kitenzi. Kwa hiyo husemwa, “He speaks not only Arabic but also Persian.” Mwanafunzi huandika, “He not only speaks Arabic but also Persian,” ambapo upande mmoja una kitenzi na wa pili una jina tupu. Kwa nini “not only” imekimbilia kwenye kitenzi? Kwa sababu Kiswahili husema, “Hasemi Kiarabu tu, bali na Kiajemi pia.” Ukanusho umo katika “hasemi”, na mpaka wake waonyeshwa na “tu”, neno likaalo nyuma ya lile linalohusika. Kiingereza hakina alama ya nyuma katika jozi hii. Mpaka wake huonyeshwa na mahali pa kiunganishi, nacho hutangulia. Ni kweli kwamba Waingereza wenyewe huikosa mizani hii mara nyingi, hasa wasemapo. Lakini katika maandishi ya kitaaluma na ya sheria yafaa ishikwe.

Kutokana na hayo, nadhani mwalimu hafanyi vema kuzifundisha jozi hizi kama orodha ya kukaririwa. Na aanze na sentensi ya Kiswahili, amwulize mwanafunzi ukanusho umekaa wapi. Kisha amwonyeshe jinsi unavyoondoka katika kitenzi na kuhamia katika kiunganishi. Mwisho amtake apime pande mbili za jozi kama zalingana. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza maswali hayo ataweza kujisahihisha mwenyewe, na mfasiri atajua pa kutazama kabla hajaikabidhi hati yake.