Kubadili maktaba ya picha kulivyoiweka Godot njia panda

Na Mwandishi Wetu

MCHEZAJI wa michezo ya kompyuta huona gari likikimbia au askari akiruka ukuta, lakini ni wachache wanaojiuliza nani anaichora picha hiyo mara 60 kwa sekunde. Kazi hiyo hufanywa na injini ya mchezo, yaani programu inayobeba shughuli za uchoraji, sauti na mwendo ili mtunzi asianze kila kitu upya. Injini nayo huwasiliana na kadi ya picha kwa kupitia maktaba maalumu. Maktaba hiyo inapobadilishwa, kila kilichojengwa juu yake hutikisika.

Hayo ndiyo yaliyoikuta Godot, injini huria iliyoasisiwa nchini Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, na ambayo msimbo wake uliwekwa wazi kwa umma mwaka 2014. Kwa miaka mingi ilitegemea OpenGL, maktaba iliyoanza mwaka 1992. Toleo la 4.0, lililotoka Machi 1, 2023, liliifanya Vulkan kuwa njia kuu ya uchoraji.

Tofauti ya maktaba hizo mbili si ndogo. OpenGL ni kama kumwagiza mpishi wa shughuli: unataja pilau ya watu 100, naye anajua mwenyewe habari za mchele, moto na masufuria. Ni raha, ila chakula kikichelewa huwezi kujua sababu. Kwa Vulkan, iliyotolewa mwaka 2016, wewe ndiye unayepima mchele, kupanga masufuria na kuwagawia wasaidizi kazi ili wote wapike kwa wakati mmoja. Usumbufu ni mkubwa, lakini kompyuta yenye prosesa ya viini vingi hutumika ipasavyo. Aidha, kampuni ya Apple ilikuwa imetangaza mwaka 2018 kuwa OpenGL imepitwa na wakati katika mashine zake, hivyo kubaki nayo peke yake kulikuwa na hatari.

Tatizo ni kwamba madirisha na vitufe vya Godot yenyewe huchorwa na injini hiyo hiyo. Kwa maana hiyo, kadi ya picha isiyokubaliana na maktaba mpya haimwachii fundi mchezo unaokwenda polepole tu. Humzuia hata kuufungua mlango wa karakana.

Kiolesura nacho kilipata maktaba mpya za maandishi, zikiwamo HarfBuzz na ICU. Awali, maneno ya Kiarabu yalitokea herufi zikiwa zimeachana. Sasa huungana na kwenda kutoka kulia kwenda kushoto, jambo la kufurahisha kwa anayetaka kutunga mchezo kwa hati ile iliyoandikiwa tenzi nyingi za pwani yetu.

Wenye kompyuta kongwe hawakuachwa kabisa. Toleo la 4 lina njia ya pili inayotumia OpenGL, ambayo iliendelea kukamilishwa katika matoleo yaliyofuata. Kwa mashine za zamani zaidi, toleo la 3 liliendelea kutunzwa, na 3.6 likatoka Septemba 2024. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, uamuzi huo wa kutolitupa toleo la 3 ulikuwa wa busara kuliko hata kuichukua Vulkan.

Hata hivyo, kuhama si kubonyeza kitufe kimoja. Majina mengi yalibadilishwa: kilichoitwa Spatial sasa ni Node3D, na amri ya yield nafasi yake imechukuliwa na await. Kipo chombo cha kubadilisha mradi wa zamani, lakini hurekebisha sehemu tu ya kazi. Mwanga na rangi mara nyingi huhitaji kupangwa upya kwa mkono.

Chombo hicho huelekea mbele tu. Mradi uliokwisha kubadilishwa haurudishwi kwenye toleo la 3, hivyo nakala ya akiba hutolewa kabla ya kuanza.