Baa Iliyoacha Jina: Mlimani Park na Lugha ya Muziki wa Dansi

Katika jiji la Dar es Salaam neno "Mlimani" lina maana mbili. Kwa wasomi ni Chuo Kikuu, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba na kuhamia kilimani mwaka 1964. Kwa wapenzi wa muziki wa dansi ni bendi iliyopata jina lake kutokana na baa ya Mlimani Park, jirani na Chuo hicho. Baa hiyo ilikoma kuwa makao ya bendi, na bendi ikahamishia maskani yake Kariakoo, jina likabaki. Mhadhara huu unaeleza jinsi ukumbi wa kunywea pombe ulivyopata kuwa mahali pa kutungia Kiswahili, na kwa nini kupotea kwa kumbi za aina hiyo ni jambo linalomhusu mwanaisimu na mhakiki wa fasihi.

Bendi iliundwa mwaka 1978. Mwenye baa na vyombo vya muziki alikuwa kampuni ya usafiri na teksi iliyojulikana kwa herufi TTTS. Utaratibu huu haukuwa mgeni: tangu mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, na baadaye mashirika mengine mengi yakaiga. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Kwa baa, bendi ilikuwa njia ya kuvuta wateja. Fedha zilitokana na kiingilio cha mlangoni na bia iliyouzwa mezani. Miongoni mwa walioipa bendi hiyo sifa ni Abel Balthazar, Cosmas Tobias Chidumule, Michael Enoch, Hassani Bitchuka na Muhiddin Maalim Gurumo, ambaye alikuwa ametokea katika bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1983, TTTS iliposhindwa kujiendesha, bendi ilichukuliwa na shirika la jiji la DDC, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park.

Kila bendi ilikuwa na mtindo, na mtindo ulikuwa na jina. Mlimani Park walichagua "Sikinde", jina la ngoma ya Wazaramo, na wakaongeza maneno "ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani. Wapinzani wao wakubwa walijulikana kwa "Msondo", nalo ni jina la ngoma inayohusiana na unyago. Inafaa kutambua kwamba magitaa ya umeme na tarumbeta, ala zilizotoka ng'ambo, zilitafutiwa majina katika jando na unyago wa pwani. Msikilizaji aliyetoka Kisarawe au Bagamoyo hakuhitaji kufafanuliwa kwamba dansi lilikuwa linadai nafasi ya ngoma: kufunza, kuonya na kusuta mbele ya watu.

Dai hilo lilionekana katika muundo wa wimbo wenyewe. Sehemu ya kwanza ilikwenda taratibu, beti zikaimbwa kwa matamshi yaliyo wazi, na wengi walibaki vitini wakisikiliza. Kisha likafuata chemko, magitaa na tarumbeta yakashika usukani na watu wakainuka kucheza. Hivyo basi, ukumbi ulikuwa na hadhira ya namna mbili ndani ya wimbo mmoja: wasikilizaji kwanza, wachezaji baadaye. Mtunzi aliyekuwa na maneno hafifu aligundua udhaifu wake kabla ya chemko kuanza.

Utunzi nao ulikuwa kazi ya pamoja. Mtunzi alileta maneno na wazo la sauti. Wenzake wakayapima, wakayakata na kuyapangia vyombo. Ndiyo maana mbinu za ushairi wa kale zinaonekana humo bila kulazimishwa. Wimbo "Barua toka kwa Mama", kwa mfano, hata kwa jina lake unadokeza utamaduni wa waraka, ambao washairi wa Kiswahili wameutumia tangu zamani kupelekeana maneno kwa tungo.

Mwaka 1985 Hugo Kisima, mfanyabiashara mwenye bendi ya Safari Sound, aliwachukua baadhi ya nguzo za Mlimani Park, wakiwamo Gurumo na Balthazar. Tukio hilo lilionyesha kwamba mwajiri alimiliki vyombo na jina, lakini hakumiliki sauti. Bendi iliziba mapengo na kuendelea. Pigo zito zaidi lilikuja miaka ya 1990, pale uchumi ulipolegezwa, mashirika ya umma yakadhoofika, redio binafsi zikaanza, na taarabu ya kisasa pamoja na muziki wa kizazi kipya vikawavuta vijana. Mwajiri wa zamani alikuwa ametoweka, na tiketi za mlangoni pekee hazikutosha kuilisha bendi yenye watu wengi.

Kilichosalia ni kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo sasa zimo katika hifadhi ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Kanda hizo ni hazina, lakini zimehifadhi wimbo uliofupishwa studioni. Hazikuhifadhi maneno aliyoongeza mwimbaji alipomwona mtu fulani mlangoni, wala kicheko cha meza iliyofahamu fumbo. Gurumo alifariki mwezi Aprili 2014, na kila mwanamuziki wa kizazi chake anapoondoka, ufafanuzi wa mafumbo hayo unaondoka naye. Kwa hiyo kazi ya haraka kuliko zote ni kukaa na waliobaki, wanamuziki na wateja wa zamani kwa pamoja, kuandika matini za nyimbo kikamilifu na kuuliza kila fumbo lilimlenga nani. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, utafiti huo haudai safari ndefu. Unaweza kuanzia jirani na lango la chuo chake.