Mkanda wa Injini: Kuubadili na Kuukaza (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza habari ya ule mkanda mmoja mrefu wenye matuta ambao, tangu ulipotiwa katika Ford Mustang ya mwaka 1979, umekuwa ukishika mahali pa mikanda miwili au mitatu ya zamani. Na tukabainisha ya kuwa ukikatika safarini, altaneta huacha kuchaji betri, usukani huwa mzito, na katika injini nyingi pampu ya maji husimama, injini ikachemka hata ikaharibika. Leo, inshallah, tutaeleza namna ya kuubadili.

Kabla ya kufungua chochote, zima injini, uiache ipoe, uondoe waya hasi wa betri, kisha uichore njia ya mkanda katika karatasi, ukionyesha puli zinazoshikwa na matuta na zile zinazopitiwa na mgongo, kwa sababu katika gari kuukuu karatasi ya maelezo iliyobandikwa chini ya boneti aghalabu imekwisha kubanduka. Ama dukani, soma alama za mkanda wenyewe: 6PK2100 maana yake ni matuta 6 na urefu wa milimita 2100, na muuzaji akikupa uliozidi kidogo kwa hoja kwamba utakaa tu, usiukubali, maana urefu huo humaliza nguvu za springi ya kukazia kabla ya wakati wake.

Gari lenye tenshena ya springi halina taabu kubwa: ukiishika kwa spana na kuivuta taratibu, mkanda hulegea na kutoka. Lakini hapo usifanye haraka ya kuvika mpya. Zungusha kila puli kwa mkono. Ile inayokwaruza au kuyumba imekwisha beringi. Tazama pia kama kuna mafuta yanayovuja, maana mafuta huilainisha raba na kuiharibu. Fundi abadiliye mkanda peke yake, asichunguze vinavyouzunguka, ameondoa dalili na kuuacha ugonjwa.

Katika magari yasiyo na springi hiyo, mkanda hukazwa kwa kulegeza bolti za altaneta na kuisogeza. Kipimo cha wastani ni kwamba, ukiubonyeza kwa uzito wa kilo 10 hivi katikati ya sehemu yake ndefu, uingie kama milimita 10, ijapokuwa kitabu cha gari lenyewe ndicho hakimu. Mkanda mpya hunyooka baada ya kazi ya mwanzo. Kwa hiyo upime tena baada ya safari za awali.

Wako wanaousikia mkanda ukilia, wakaukaza kupita kiasi, au wakaupaka sabuni na mafuta. Njia hizo zote ni za hasara, kwani ukikazwa mno huua beringi za altaneta na za pampu ya maji, vitu vyenye thamani kubwa kuliko mkanda. Lililo bora, injini ikiwa inazunguka na mikono yako ikiwa mbali nayo, nyunyizia matuta maji kidogo: sauti ikitoweka kisha ikarudi, puli hazikulingana, ikizidi, mkanda umelegea.

Basi, msomaji mpenzi, usingoje mkanda ukatike ndipo uutazame. Uukague kila unapopima mafuta ya injini, na uyadai hayo hayo kwa fundi wako.